Uso Nilioingia Nao Kazini

Mwanangu Rasoa,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa kanisa, nami nimekaa kwenye kiti cha baba yako karibu na dirisha ili nipate mwanga wa alasiri. Sanduku lako liko hapa miguuni pangu. Mambo ya blanketi na sabuni, na kutompa mtu tikiti yako akushikie kwenye gari la moshi, nimeshakuambia mpaka umechoka, sitayarudia. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, utaikuta ukifika Nairobi. Ukiona herufi zimepinda usicheke sana. Unajua nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, katika darasa la akina mama, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha hapa mezani.

Nataka kukuambia habari za kazi. Si kazi ya uuguzi, hiyo siijui, utafundishwa na wanaoijua. Nataka kukuambia habari za uso ambao mtu huingia nao kazini, kwa sababu wewe umerithi wangu. Watu husema umefanana na baba yako, lakini ukiudhika midomo yako hubanana kama yangu. Juzi nilikuona pale bombani, yule mama alipokuuliza kama maji yamerudi. Hukumtukana. Ulimjibu neno moja tu, "Bado," bila kumwangalia, naye akachukua debe lake akaenda zake. Nilisimama pale na ndoo yangu nikajiona mimi mwenyewe.

Tulipokuja shamba hili la pareto, huku upande wa Kuresoi, ulikuwa mdogo, kwa hiyo sijui kama unamkumbuka Nyambura vizuri. Alikuwa nyapara wa wanawake, wale tuliokuwa tukichuma maua. Mimi nilitoka Maragoli sijawahi kuona baridi ya namna hii. Asubuhi majani yalikuwa na barafu nyembamba juu yake, vidole vikafa ganzi, na ua la pareto ni dogo, halichumwi na vidole vilivyokufa ganzi. Siku ya kwanza nililia. Nyambura akaja akanishika mikono, akaiweka kwapani mwake, chini ya nguo, akapiga kelele, "Yesu wangu! Mama huyu ameniletea samaki wa ziwani!" Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Mikono ikapata joto. Tukachuma.

Kila asubuhi alimsalimu kila mmoja kwa jina lake na kumuuliza jambo moja la nyumbani kwake. Yule mtoto wako amelala? Lile paa bado linavuja? Basi, kisha kazi. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuchekacheka tu. Siku moja mvua ilikuja kubwa na Bwana, mzungu mwenye shamba, alitaka tuendelee. Nyambura akamwambia, kwa uso ule ule wa furaha, "Bwana, haya maua yakilowa yataoza kwenye kikapu. Sisi tunaingia ndani." Tukaingia. Bwana akageuza farasi wake akaenda zake. Nadhani ni vigumu kugombana na mtu ambaye hajakukasirikia.

Halafu serikali ikatangaza hali ya hatari, na Wakikuyu wakawa wanaondolewa kwenye mashamba ya huku. Lori lilikuja asubuhi. Walipewa muda wa kufunga mizigo tu. Nyambura alipanda na sufuria yake na mtoto wake wa mwisho mgongoni, na nilipokimbia kando ya lori aliniambia kwa sauti, "Mama Rasoa, usiwaache hawa wanyamaze!" Sikuelewa alichokuwa akisema. Nilidhani anasema habari za nyimbo.

Baada ya wiki moja Bwana akaniita akanifanya mimi nyapara.

Rasoa, nitakueleza jinsi nilivyokuwa, na sitajipunguzia. Nilichukua kazi ya rafiki yangu nikiwa na huzuni na aibu, na huzuni yenyewe sikumwambia mtu. Watu walikuwa wamebaki nusu, na maua yalikuwa yale yale. Nikaona njia ni kuwa mkali. Niliacha kusalimu kwa sababu salamu zinachukua muda. Mtu akichelewa nilimsema mbele ya wenzake. Mtu akiimba nilimuuliza kama maua yanachumwa kwa mdomo. Lakini Bwana alipopita na farasi wake kila asubuhi, niliinuka nikacheka meno yote nje, "Jambo Bwana, kila kitu kizuri Bwana." Furaha yote niliyokuwa nayo kwa siku nilimpa yeye, na yeye hakuihitaji. Wanawake waliona. Wanawake huona kila kitu.

Kati yao alikuwako Jebet, msichana wa Kikipsigis, ameolewa hata mwaka haujaisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha moto kwenye nyumba ya kukaushia maua. Unaijua ile nyumba: maua yanatandazwa kwenye trei, na bomba kubwa la bati linapita chini yake likipeleka joto. Asubuhi moja Jebet alinijia shambani. Alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake kidogo. Akasimama mbali kidogo.

"Mama, naweza kusema kitu?"

Nilikuwa nimeinama, mgongo unaniuma, na usiku kucha nilikuwa nimewaza. Sikuinua kichwa. "Kama si habari ya maua, nyamaza urudi kazini."

Kisha nikasikia miguu yake ikienda.

Alichotaka kusema, nilikuja kujua baada ya moto, ni kwamba bomba lilikuwa limepasuka, na kwamba usiku alikuwa ameona cheche zikitoka.

Saa nane mchana tukasikia watu wakipiga kelele. Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa, na Jebet alikuwa ndani akivuta trei nje moja moja, trei za bati zilizokwisha kupata moto, kwa mikono mitupu. Nilimwita atoke. Aliingia tena. Baba yako ndiye aliyemshika kiunoni akamtoa. Nyumba ikaungua yote. Nilipoitazama mikono yake nikakimbia kuleta maji.

Jioni ile ile Bwana alitukusanya mbele ya ofisi. "Nani nachoma nyumba yangu?" akauliza. Akasema yule msichana wa moto ndiye mwenye kosa, hakuangalia moto wake, na akitoka kliniki afungashe yeye na mume wake waondoke shambani.

Nami nilikuwa nimesimama pale mbele, nyapara, na nikanyamaza.

Nilinyamaza siku mbili. Nilijiambia mambo mengi katika siku hizo. Nilijiambia kwamba alipaswa kusema kwa nguvu zaidi. Nilijiambia kwamba hata kama ningemsikiliza, labda Bwana asingeleta bati jipya. Nilijiambia kwamba mimi nina watoto wa kulisha, kana kwamba yeye hatakuwa nao. Siku ya tatu nikaenda kumwona kliniki nikiwa na mayai matatu kwenye kitambaa. Alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili imefungwa mpaka kwenye viwiko. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane.

Nikamuuliza, "Jebet, kwa nini hukurudi kuniambia mara ya pili?"

Akaniangalia, akasema taratibu, kama mtu anayetafuta neno asilikosee, "Mama, mimi iliogopa wewe kuliko moto."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameulizwa, akajibu.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka ofisini. Bwana alikuwa barazani akivua viatu vyake. Nikamwambia, "Bwana, Jebet alikuja kuniambia asubuhi juu ya bomba. Mimi nilimfukuza kabla hajasema."

"Kwa nini wewe nafukuza yeye?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?"

Ningemwambia nini? Ningemwambia habari za Nyambura na lori? Nikasema, "Hasira tu, Bwana." Akakiweka chini kiatu alichokuwa nacho mkononi. Kisha akasema, "Wewe si nyapara tena. Kesho chuma maua kama wengine." Nikamuuliza habari ya Jebet. Akasema arudi mikono ikipona. Hiyo ndiyo siku uliyonikuta nimekaa nyuma ya nyumba, ukaniuliza kama ninaumwa, nikakuambia ni kichwa tu kinaniuma.

Sasa nikawa mchumaji tena, katikati ya wanawake niliowanyanyasa. Hakuna aliyenisema. Walinipa nafasi kwenye mstari, wakaendelea kuchuma. Nilijaribu kusalimu. Niliitikiwa kwa adabu, na kwa wiki nyingi sikupata zaidi ya hiyo adabu. Uchangamfu nao nilikuwa nimeusahau, mwanangu. Si kitu ambacho mtu hukiweka kando akakikuta pale pale alipokiacha. Ilinibidi nianze upya kama nilivyoanza herufi.

Jebet aliporudi vidole vyake vilikuwa havijakunjuka vizuri, akapewa kazi ya kuchambua majani kwenye maua yaliyochumwa, akiwa amekaa chini mwisho wa mistari yetu. Asubuhi moja ya baridi kali nilijikaza nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Leo hata maua yenyewe yanataka blanketi."

Hakuna aliyecheka. Ukapita muda, nadhani kila mtu alichuma maua ishirini. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha Jebet kule chini akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Mama Rasoa, hiyo ilikuwa mzaha?"

Walicheka mpaka wengine wakaweka vikapu chini. Walikuwa wananicheka mimi, si mzaha wangu, na sikujali hata kidogo. Tangu siku ile, kukiwa na mzaha mbaya shambani, mtu huuliza, "Hiyo ilikuwa mzaha?" na kicheko kinaanza tena. Ndivyo walivyonirudisha. Si mimi niliyejirudisha.

Mwaka jana, nilipokwenda Nakuru kununua kitambaa cha sare yako ya shule, nilimwona Nyambura sokoni. Amekonda, nywele zimeingia mvi, lakini sauti ni ile ile, niliisikia kabla ya kumwona. Tulishikana pale katikati ya viazi mpaka watu wakatuambia tupishe njia. Nikamsimulia yote. Nikamwambia, "Mimi sina moyo kama wako. Wewe ulizaliwa na furaha."

Akaniachia mkono. "Nani amekudanganya?" akasema. "Nimezika watoto wawili kabla hujanijua. Nilikuwa nalia njiani kila asubuhi, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye mfereji. Pale nanawa uso. Nikivuka mfereji, nasema, hawa wanawake hawakuniulia watoto."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na sijamaliza kuyawaza. Miaka yote ile nilidhani yeye ana kitu ambacho mimi sikupewa. Kumbe alikuwa akilia, kisha akiosha uso, kila siku, na sisi tukifika tunamkuta yuko tayari.

Lakini nikuambie pia kwamba si lazima ufanye kama yeye kila siku. Mimi sikuweza. Baada ya yule nyapara aliyenifuata kuhama, Bwana alinirudishia kazi ile, na niliipokea kwa woga. Mwezi wa tatu ikaja barua kutoka Maragoli kwamba mama yangu, nyanya yako, ametutoka. Unakumbuka. Sikuweza kusafiri mpaka mwisho wa wiki. Asubuhi ile uso wangu haukuwa na chochote cha kumpa mtu, na nilijua nikienda hivyo wataniogopa kama zamani. Basi kabla hatujaanza kazi nikawaambia, "Jamani, nimefiwa na mama. Leo mtaniona nimenuna. Si nyinyi. Mwenye neno aje tu kama siku zote, hata nikiwa nalia."

Wakanishika mabega mmoja mmoja. Tukaingia kazini. Na saa nne, mama mmoja mgeni, hata hakuwa na mwezi shambani, akanijia akasema, "Pole kwa msiba, Mama Rasoa, lakini nimeona kuni zimepangwa karibu sana na bomba jipya." Tulikwenda mimi na yeye kwenye nyumba mpya ya kukaushia tukazitazama. Zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi upande mmoja. Tukazihamisha, tukamwaga maji, tukarudi kuchuma.

Hivyo tu. Siku ile hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepiga kelele, Bwana hata hakujua, na jioni maua yakakauka kama kawaida. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi, kama ungeniuliza ni siku gani ninayojivunia, ni hiyo.

Wewe unakwenda kukaa na wagonjwa. Utachoka, na wakubwa wako huenda wakakusema mbele ya watu, na kuna wazungu watakaokuita bila jina. Sikuambii uwachekee. Ukiona kosa liseme, kama Nyambura alivyosema habari ya mvua. Ninachokuomba ni kwamba usifanye vile mimi nilivyowafanyia Bwana na Jebet, ukapeleka wema wote juu na ukali wote chini. Mgonjwa akikuogopa atakuambia hana maumivu. Ataficha kidonda chini ya shuka mpaka kinuke. Akiona unamwangalia machoni na kumwita kwa jina, hata siku uliyochoka, atasema, "Dada, kuna kitu hapa." Labda neno hilo ndilo litakalomponya, kabla hata ya dawa.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililonikalisha hapa, na nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika.

Katika miaka ile niliyokuwa mkali shambani sikuuvua ukali mlangoni. Niliingia nao nyumbani, na huko ulibaki hata baada ya ule moto. Nanyi watoto mlijifunza kukaa kimya. Ulikuwa na miaka kama kumi na miwili sikio lako la kushoto lilipoanza kuuma. Hukuniambia. Niliona usaha kwenye mto siku nilipofua, na tulipofika kliniki yule daktari aliuliza limeuma muda gani, nawe ukajibu polepole, ukitazama sakafu, "Tangu Pasaka." Ilikuwa ni mwezi wa saba. Nilikugombeza palepale mbele yake. Nilikuuliza kwa nini hukusema! Na wewe ukaniangalia tu, na jibu nilikuwa nimeshalisikia kutoka kwa Jebet, nikakataa kulisikia mara ya pili.

Sikio hilo halijarudi vizuri mpaka leo. Najua jinsi unavyogeuza kichwa mtu akikuita kutoka upande ule, na unavyofanya hivyo haraka ili asijue. Sijawahi kukuomba msamaha kwa sababu sikujua niuombe vipi. Nauomba sasa, mama. Nisamehe. Halikuwa kosa lako kunyamaza.

Na nikuambie nilichokiona mwaka huu. Mdogo wako alipodondosha chungu cha maziwa, hakukimbia. Alikuja mwenyewe mlangoni akasema, "Mama, nimemwaga yote." Nilitaka kupaza sauti. Badala yake nikacheka, na yeye akacheka kwa mshangao, tukafuta sakafu pamoja. Kwa hiyo najua mtu anaweza kubadilika hata akiwa na umri wangu. Wewe unaanza mapema kuliko mimi.

Nasikia sauti yako barabarani, unazungumza na mtu, na unacheka. Lazima nimalize niifiche barua hii. Kesho kituoni Molo kutakuwa na kelele nyingi, na gari hilo halisubiri mtu. Nitasimama upande wako wa kulia, ili unisikie vizuri nikikuambia kwaheri.

Mama yako anayekupenda,
Mama Rasoa